Fungu Letu na Fungu la Serikali

Kuna swali ambalo watu huulizana barazani, sokoni, na hata nje ya mlango wa kanisa baada ya Misa ya Jumapili, lakini ni nadra kulisoma gazetini. Swali lenyewe ni hili: Serikali inapokusudia kuwajengea watu shule au zahanati, ikawaambia, "Toeni kwanza fungu lenu, kisha nasi tutatoa letu," je, hiyo ni haki? Na ikiwa ni haki, mpaka wake ni upi, isije ikageuka kuwa dhuluma?

Huenda msomaji akasema kwamba jambo hili ni la wahasibu na wahandisi, wala si la ukurasa huu. Sisi twaona sivyo. Popote mzigo unapogawanywa pana swali la haki, na penye swali la haki dhamiri ya mtu haina ruhusa ya kulala. Tena jambo lenyewe latugusa sote: mkulima wa Mgeta, mwalimu wa Kilakala, diwani, mtumishi wa Halmashauri, na sisi mapadre pia, kama tutakavyoungama hapo mbele.

Kwanza tulitazame jambo lilivyo. Kila mtu wa milima ya Uluguru aujua utaratibu huu. Wanakijiji huchimba msingi, hukusanya mawe na mchanga, hufyatua matofali, na kuinua kuta mpaka kwenye renta. Hapo kazi yao husimama, na jengo huitwa boma. Kupaua, kupiga sakafu, kutia milango na madirisha, hayo ni ya Serikali kwa mkono wa Halmashauri. Utaratibu huu si mgeni, lakini ulienea sana ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, mwaka 2002, na ule wa Sekondari, yaani MMES, mwaka 2004, wakati shule za kata zilipochipuka kila upande. Nao Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanza mwaka 2000, uliwataka watu watoe sehemu yao, kwa fedha, vifaa au nguvu, kabla ya miradi yao kujengwa.

Fungu hilo la wananchi si dogo. Katika miaka ya karibu Serikali ilikuwa ikitenga shilingi milioni 12.5 kukamilisha boma moja la darasa. Mwaka 2021, ilipojenga madarasa 15,000 kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa kwa ajili ya janga la UVIKO-19, ilitenga shilingi milioni 20 kwa kila darasa zima, tangu msingi hadi paa. Msomaji na atoe hesabu mwenyewe: 20 kutoa 12.5 hubaki 7.5. Kwa kukisia, basi, watu wanaoinua boma hutoa kama theluthi moja ya gharama ya darasa, na zaidi kidogo. Wengi wao hawajapata kushika milioni moja mikononi mwao. Huitoa kwa migongo na vichwa, ndoo kwa ndoo na tofali kwa tofali.

Je, kwa nini wadaiwe? Sababu zinazotolewa ni tatu, nazo zastahili kupimwa moja moja.

Sababu ya kwanza ni kwamba fedha za Serikali hazitoshi. Hii ni kweli, wala si aibu kuisema. Nchi yetu ni kubwa, watoto ni wengi, na kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini sababu hii yathibitisha tu kwamba lazima mzigo ugawanywe. Haisemi hata kidogo ugawanywe vipi. Baba mwenye watoto watano na mkate mmoja hawezi kujitetea kwa kusema mkate ni mdogo, ikiwa amempa mmoja nusu nzima na wanne wakagawana iliyobaki.

Sababu ya pili ni kwamba mtu hukitunza alichokitolea jasho, na cha bure hakina mlinzi. Hii nayo ina ukweli ndani yake. Tumeona visima vilivyochimbwa na wageni vikafa kwa kukosa mtu wa kununua mpira wa pampu. Hata hivyo tusiikubali haraka mno. Barabara kuu ya lami itokayo Dar es Salaam kuja Morogoro haikujengwa kwa watu wa kando yake kubeba mawe vichwani, wala hakuna aliyesema kwamba kwa sababu hiyo watu wa mjini hawataiona kuwa yao. Mbona basi ni mtu wa mlimani peke yake anayehitaji kufundishwa upendo wa mali ya umma kwa kubeba mchanga? Sisi twaona kwamba kinachomfanya mtu akione kitu kuwa chake si uzito wa alichobeba, bali ni kushauriwa kabla ya kujengwa, kuoneshwa hesabu wakati wa kujengwa, na kuwa na sauti baada ya kujengwa. Jasho bila sauti halimfanyi mtu kuwa mwenye mali. Humfanya kuwa kibarua asiye na ujira.

Sababu ya tatu ni kwamba kutoa fungu ni ushahidi wa haja. Kijiji kinachotaka shule kweli, husemwa, kitajitahidi; kisichojitahidi hakina haja. Hii ndiyo sababu dhaifu kuliko zote. Kijiji cha bondeni chenye soko, magari na wafanyabiashara kitapeleka fungu lake mapema. Kijiji kilichopachikwa ubavuni mwa mlima, ambako mfuko wa simenti hupanda kwa kichwa cha mtu kwa saa kadhaa, kitachelewa. Je, tuseme wa bondeni wanaipenda elimu na wa mlimani hawaipendi? Kilichopimwa hapo ni uwezo, nacho kimepewa jina la haja. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Akaaye ofisini huliona fungu la kijiji kuwa jepesi kama sufi kwa kuwa halikai kichwani pake.

Hapa twafika kwenye kiini cha shauri. Mafungu sawa si mizigo sawa. Mtu yeyote aliyesikia habari za mjane maskini na sarafu zake mbili katika Injili ajua hivyo. Matajiri walitia vingi katika sanduku la hekalu, naye alitia vidogo sana, lakini aliyeyatazama yote alisema ni huyo mjane aliyezidi wote. Kipimo chake hakikuwa kilichoingia sandukuni, bali kilichobaki nyumbani.

Nchi yetu yenyewe imelipata somo hilo kwa njia ya matibabu. Gharama za hospitali za Serikali zilianza kuchangiwa na wagonjwa mwaka 1993. Baadaye ukaja Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996 na kuwekewa sheria mwaka 2001. Kaya ilitoa mchango wake wa mwaka, na kwa kila shilingi iliyotolewa na wananchi Serikali iliahidi kuongeza shilingi nyingine. Mpango huo uliitwa "tele kwa tele." Jina ni tamu, na nia yake ilikuwa njema: kuwatia watu moyo wajiunge. Lakini tulifikiri jina lenyewe. Tele huenda kwa tele. Je, haba huenda kwa nani? Wilaya ambayo watu wake waliweza kuchanga sana ilistahili kuongezewa sana. Wilaya ambayo watu wake walikuwa hoi, na ambayo kwa hiyo ilihitaji dawa kuliko nyingine, ilichanga kidogo na kustahili kidogo. Hapakuwa na mtu mbaya aliyekusudia hivyo. Kanuni tu ilitungwa bila kuuliza ni nani atakayebaki nje. Yatupasa kuikumbuka habari hiyo wakati huu ambapo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeleta tena swali la nani alipe na nani alipiwe.

Mataifa makubwa hayakuepukana na swali hili. Marekani ni shirikisho la majimbo 50, na kwa muda mrefu Serikali yake kuu imesaidia kazi za majimbo kwa sharti kwamba kila jimbo litoe sehemu yake. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 iliifanya Serikali kuu itoe 90 kwa mia ya gharama, na jimbo 10. Lakini katika mpango wa matibabu ya maskini uitwao Medicaid, ulioanzishwa mwaka 1965, waliona kwamba kipimo kimoja hakiwafai wote. Jimbo tajiri husaidiwa nusu, yaani 50 kwa mia. Jimbo ambalo pato la watu wake ni dogo husaidiwa zaidi, na sheria yaruhusu fungu la Serikali kuu lipande hadi 83 kwa mia. Hatusemi kwamba mambo yao yote ni mema. Twasema tu kwamba hapo kanuni imejua tofauti ya mwenye nacho na asiye nacho, nayo imeiandika kwa tarakimu, wala haikuiacha kwa huruma ya ofisa.

Jambo jingine la kujifunza huko ni dogo kwa sura lakini kubwa kwa maana. Kanuni za ruzuku za Serikali kuu ya Marekani zakubali kwamba kazi ya mtu aliyejitolea ihesabiwe katika fungu la anayesaidiwa, kwa kadiri ya ujira wa kawaida wa kazi kama hiyo. Lakini lazima iandikwe katika vitabu ikaguliwe, wala kazi ile ile haiwezi kuhesabiwa mara mbili kwa ruzuku mbili. Kwetu mara ngapi siku nzima ya mama aliyebeba mchanga imeandikwa popote? Huitwa "nguvu za wananchi," kwa jumla, kama vile mtu asemavyo mvua au upepo. Kisichoandikwa hakina shukrani, hakina risiti, na mwaka wa pili chaweza kudaiwa upya kana kwamba hakikutolewa.

Tena kuna mafungu yaliyokwisha kutolewa kwa miaka mingi, ambayo hakuna aliyeyahesabu. Maji ya Uluguru hushuka katika Mto Ruvu, na kwa mto huo mji wa Dar es Salaam hunywa. Misitu ya juu ilifanywa Hifadhi ya Asili mwaka 2008, na watu wa kando yake wakazuiwa kulima na kukata. Ni vema, maana bila msitu hakuna mto. Lakini jirani wa msitu ametoa fungu lake kwa ajili ya mamilioni wa pwani wasiomjua. Mwishoni mwa miaka ya 2000 palikuwapo jaribio la kuliona fungu hilo: katika mpango ulioongozwa na mashirika ya CARE na WWF, wakulima wa Kibungo walilipwa kidogo kwa kutunza ardhi ya vyanzo vya maji, na shirika la maji la Dar es Salaam likawa miongoni mwa walipaji. Jaribio lilikuwa dogo, lakini wazo lake ni la haki. Kabla ya kumwambia mtu "toa fungu lako," tumuulize amekwisha kutoa nini.

Sasa tuseme juu ya hiari. Wazee wa milima hii hawahitaji kukumbushwa habari za mwaka 1955. Serikali ya kikoloni iliona, na haikukosea, kwamba udongo wa Uluguru ulikuwa ukimomonyoka. Ikaweka mpango wa matumizi ya ardhi, ikaleta wataalamu na fedha, na fungu la Waluguru likawa kuchimba matuta ya ngazi kwa mikono yao. Hawakuulizwa, waliamriwa, na aliyekataa aliadhibiwa. Mahali pengi matuta yalifukua udongo usio na rutuba, na mazao hayakuonesha faida ya taabu. Mwisho wake ulikuwa ghasia, mtu mmoja kupoteza uhai, na mpango wote kuachwa. Baya zaidi ni kwamba kwa miaka mingi baadaye hata shauri jema la kuhifadhi udongo lilipokewa kwa mashaka. Mchango wa lazima uliua moyo wa kuchanga.

Basi tutofautishe mambo matatu ambayo kwetu huchanganywa mno. Kuna kodi: hiyo hutungwa kwa sheria, hutozwa kwa kadiri ya mapato, hutolewa risiti, na mtu hana hiari. Kuna zawadi: hiyo hutoka moyoni, na hakuna awezaye kuidai. Na kuna fungu la mapatano: pande mbili huketi, husikilizana, na kila mmoja hujifunga kwa ahadi yake. Kila moja kati ya haya ni jambo jema mahali pake. Dhuluma huingia pale ambapo mchango huitwa zawadi wakati wa kusifiwa, mapatano wakati wa kuandikwa ripoti, na kodi wakati wa kukusanywa. Hapo mwananchi hupata ukali wa kodi bila risiti yake, na jina la hiari bila uhuru wake. Kodi ya maendeleo, ambayo wengi waliiita kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003, na watu walishangilia kwa kuwa hawangefukuzwa tena na mgambo. Itakuwa jambo la kusikitisha ikiwa kilichotoka mlangoni kitarudi dirishani kwa jina la mchango, na kuku wa mjane akabebwa kwa ajili ya ujenzi ambao yeye hakuulizwa.

Tena mapatano ni mapatano yakiwafunga wote wawili. Ahadi ni deni, na deni halichagui mkubwa na mdogo. Lakini tazama yanayotokea. Mwananchi akichelewesha fungu lake, yuko wa kumwita barazani na wa kumtoza faini. Serikali ikichelewesha la kwake, mwananchi huambiwa asubiri bajeti. Boma husimama mvua ya masika moja, na ya pili, na ya tatu. Matofali ya udongo hulowa, kuta hupasuka, na majani huota mahali palipokusudiwa watoto kuketi. Hasara hiyo yote ni ya nani? Ni ya yule aliyetimiza ahadi yake. Sisi hatudhani kwamba watumishi wa Halmashauri hufanya hivyo kwa ubaya. Fungu la fedha lao nao hungoja mahali pengine. Lakini sharti linaloweza kumwadhibu mmoja tu wa wawili haliwezi kuitwa mapatano.

Ukweli huu hapa Kilakala una historia yake. Tangu miaka ya 1920 Serikali ya kikoloni ilizipa ruzuku shule za misioni zilizotimiza masharti yake: misioni ilileta majengo na mapadre na masista wa kufundisha, Serikali ilisaidia mishahara na kukagua kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Masista wa Maryknoll kutoka Marekani walifungua hapa shule ya wasichana iitwayo Marian College. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Shule zilizopokea msaada zikawekwa chini ya mamlaka ya Serikali, na Marian College ikawa Shule ya Sekondari ya Kilakala, ambayo mpaka leo ni shule ya Serikali.

Hatuandiki hayo ili kufufua madai. Serikali ya wakati ule ilikuwa na hoja nzito: shule zilizojengwa na madhehebu ziliwafungulia mlango watoto wa upande mmoja kuliko mwingine, hasa kuliko ndugu zetu Waislamu, na taifa changa halikuweza kuvumilia hali hiyo. Tena wasichana wengi wa kila dini na kabila wamepata elimu njema chini ya milima hii, nasi twafurahi. Twachota somo moja tu. Wawili waliochanga kwa miaka mingi bila kuandika ni nani atakuwa na sauti gani mambo yakibadilika, siku ya mabadiliko ataamua mwenye nguvu. Somo hilo lilieleweka mwaka 1992, pale Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo walipotia sahihi pamoja na Serikali hati ya maelewano juu ya huduma za elimu na afya. Hati hiyo nayo imelaumiwa na baadhi ya wananchi wasio Wakristo, wakiuliza kwa nini fedha ya umma iende kwa taasisi za dini moja. Lawama hiyo haifai kujibiwa kwa hasira. Yafaa ijibiwe kwa hesabu zilizo wazi, kwa mlango usiomuuliza mgonjwa dini yake, na kwa kukubali kwamba mlango wa mapatano kama hayo uwe wazi kwa wote watoao huduma ile ile.

Kama mkataba wa maaskofu na mawaziri ulihitaji kuandikwa, sembuse mapatano ya wanakijiji wasio na mwanasheria?

Atakuwapo mtu wa kutupinga, akisema, "Mwaondoa moyo wa kujitegemea. Mkiwaambia watu Serikali ibebe yote, watakunja mikono." Twamheshimu mtu huyu, maana hofu yake si ya bure. Tangu Januari 2016, elimu ilipotangazwa kuwa bila ada mpaka kidato cha nne, wako wazazi waliodhani hawadaiwi tena hata daftari la mtoto wao, na walimu wakuu walipata taabu. Huku nako ni kukosa haki, kwa kuwa mzazi hana ruhusa ya kulikabidhi taifa jukumu la uzazi wake. Lakini tutazame upande wa pili pia. Ruzuku ya uendeshaji ilikwisha kuwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari tangu nyakati za MMEM na MMES, na kiasi hicho ndicho kilichoendelea kutajwa wakati wa elimu bila ada, ingawa bei ya chaki na karatasi haikungoja. Mwalimu mkuu akiambiwa asichangishe na asiongezewe, amefungwa mikono miwili. Kwa hiyo hatusemi watu wasitoe. Twasema watoe kwa haki. Kujitegemea ni jambo la heshima, nalo halihitaji kulindwa kwa udhalimu.

Wala sisi wa Kanisa tusijitoe katika shitaka hili. Ni mara ngapi tumekadiria kiasi kimoja kwa kila kaya ya kigango, mwenye duka na mjane sawasawa, tukaona ni haki kwa sababu tarakimu ni moja? Ni mara ngapi yamesomwa mbele ya watu majina ya wasiotoa, nasi tusiulize kwanza nyumbani mwao pana nini? Nasi tumefanya hivyo, na tumemwona mtu akiacha kuja kanisani, si kwa kukosa imani bali kwa kukosa mchango. Hatuwezi kuinyoshea Serikali kidole huku daftari letu likiandikwa kwa wino ule ule.

Basi tumalize kwa kusema yale tunayoyaona kuwa ni masharti ya haki, popote panapogawanywa gharama kati ya mkubwa na mdogo, iwe ni Serikali kuu na Halmashauri, Halmashauri na kijiji, au parokia na kigango.

Mosi, watu waulizwe kabla, wakiwa na uwezo wa kusema hapana bila kuadhibiwa. Pili, fungu lilingane na uwezo, siyo idadi ya vichwa. Kijiji maskini kisaidiwe zaidi, na ndani ya kijiji mjane, mzee na mgonjwa wasitiwe katika hesabu ya wenye nguvu. Tatu, kazi ya mikono iandikwe kwa bei ya ujira wa mahali pale, na daftari lisomwe mkutanoni. Nne, tarehe iwekwe kwa pande zote mbili, na anayechelewa, hata akiwa Serikali, ajibu mbele ya mkutano ule ule. Tano, iandikwe tangu mwanzo ni nani atakuwa na sauti juu ya kilichojengwa, leo na siku za mbele.

Masharti haya si makubwa. Hayahitaji mkopo wa nje wala mtaalamu wa kigeni. Yahitaji kalamu, daftari, na mtu asiyeogopa kusoma hesabu kwa sauti. Mtendaji wa kata anaweza kuyaanza mkutano ujao. Mwenyekiti wa kigango anaweza kuyaanza Jumapili ijayo.

Nawe msomaji, ukipita njia ya mlimani ukaona kuta zisizo na paa, usiseme haraka kwamba watu wa hapo ni wavivu. Simama kidogo, uulize ni nani aliyekwisha kutoa fungu lake na ni nani anayengojwa. Pengine utakuta kwamba wale walio maskini kuliko wote ndio waliokwisha kulipa.